Kaktasi Mombasa: kausha kidonda kabla ya kupanda

Kipande cha kaktasi kikioza, mwenye miche hulaumu homoni ya mizizi, dawa ya kuchochea mizizi itoke: imepitwa na muda, au ameuziwa feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Kaktasi inaweza kutoa mizizi yenyewe; homoni huiharakisha tu na kuiongezea mizizi. Kinachoua vipande hapa pwani ni unyevu.

Januari na Februari, kaskazi ikivuma na mvua ikiwa haba, ndiyo miezi ya kukata. Aprili hadi Juni afadhali usubiri, labda uwe na paa la kuzuia mvua.

Kwa kaktasi za nguzo, kata sentimita 10 hadi 15 kwenye tawi lililokomaa. Mpungate, kaktasi ya mabapa, haukatwi katikati. Toa bapa zima pale linapoungana na jingine. Kisu kiwe kikali, na ukifute kwa spiriti kila unapohamia mmea mwingine. Shika kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa, maana vimiiba vya mpungate hupenya glavu. Vikikuingia, bandika selotepu kisha uibandue. Ukiona utomvu mweupe, huenda ulichokata ni jamii ya mnyaa. Linda macho, na uoshe kidonda cha kipande kwa maji hadi utomvu ukome.

Sasa kitazame kidonda chenyewe. Katikati pana duara la mishipa, na mizizi mingi itatokea hapo. Ukiona doa la kahawia au rangi ya kutu, kata tena juu yake mpaka nyama yote iwe safi. Kisha chonga kingo kidogo, kama unavyochonga penseli butu, duara libaki limetokeza. Nyama ya kaktasi ikikauka hunywea kwenda ndani; usipochonga, mizizi huchipuka ndani ya kishimo bila kugusa udongo.

Homoni ya unga inayouzwa kwenye maduka ya dawa za kilimo kwa kawaida ni aina iitwayo IBA. Yenye nguvu ya asilimia 0.1 hadi 0.3 inatosha, ya 0.8 ni ya miti migumu. Mimi hupendelea kuipaka kidonda kikiwa bado kibichi, kwa sababu kikishafunga haipenyi vizuri. Mimina kidogo kwenye kisosi, usichovye ndani ya kopo, kwani unyevu utaharibu unga wote. Chovya, kung'uta, ubaki utando mwembamba tu. Ukizidisha, homoni hiyo hiyo huzuia mizizi. Mdalasini wa unga, ambao wengi huusifu, husaidia dhidi ya kuvu lakini si homoni.

Baada ya hapo simamisha vipande kivulini penye upepo, wiki moja hadi mbili. Kwenye hewa kavu ya bara siku chache hutosha. Hewa ya Mombasa hairuhusu haraka hiyo. Gonga kidonda kwa ukucha: kikiwa kikavu na kigumu, panda.

Changanya sehemu mbili za mchanga mkubwa wa mto na moja ya mboji iliyooza vizuri. Mchanga wa ufuoni usiuguse, una chumvi na chokaa ya matumbawe. Tumia chungu kidogo chenye matundu, zamisha sentimita 2 au 3 tu, upande wa chini ubaki chini. Kikiyumba, kiegemeze kwa kijiti, usikizike zaidi. Weka chini ya neti ya kivuli na usimwagilie wiki ya kwanza. Baadaye mwagilia pale tu mchanganyiko unapokauka. Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6, vuta taratibu. Kikikataa, kimeshika.

Mabapa ya mpungate yaliyobaki usiyatupe jalalani wala kichakani. Yanaota popote yanapoangukia, na wafugaji wa Laikipia wamepoteza malisho kwa mmea huo. Yaanike kwenye saruji juani mpaka yakauke kabisa, kisha uyachome.