Mnataka kufufua stesheni ya treni iliyokufa? Anzeni na maji, rangi itasubiri

Jumamosi ya kwanza ya kujitolea watu huwa wanakuja na brashi na ndoo za rangi, wanapaka upande wa mbele ule unaoonekana, picha zinapigwa, wanaondoka na furaha zao. Na sisi tulifanya hivyohivyo. Mvua mbili tatu tu rangi ikatoa malengelenge, ukibonyeza na kidole maji yanachuruzika, tukarudi kukwangua yote na wengine hatukuwaona tena.

Stesheni ndogo za vijijini nyingi zilikufa taratibu. Injini za mvuke zilikuwa lazima zisimame njiani kujaza maji, ikaja dizeli ambayo haina shida hiyo, halafu lori likachukua mizigo na basi likachukua abiria, ikabaki stesheni yenye watu wanne kwa siku na mshahara wa stesheni masta uleule. Uingereza, ripoti ya 1963 ya Beeching, aliyekuwa mkuu wa reli za huko, peke yake ilipendekeza stesheni zaidi ya 2,000 zifungwe. Lakini treni kutosimama hakubomoi ukuta bana, kinachobomoa ni kwamba hakuna tena mtu wa kupanda ngazi kuzibua mfereji wa bati. Majani yanajaa, maji yanafurika yanateremka ukutani mahali palepale miaka kumi, mbao za dari zinaoza, siku moja paa linakaa chini.

Kabla hamjagusa kitu tafuteni mwenye mali. Usishangae jengo likawa la mtu mmoja, jukwaa na njia ya reli vikawa vya mwingine, na kila mmoja anawaambia nendeni kwa mwenzake. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje miaka mingapi mtatumia na nani analipa bima mtu akianguka, maana kuna vikundi vimetengeneza jengo likapendeza halafu mwenyewe akaliuza. Na kama treni inapita hata mara moja kwa wiki, uzio kati yenu na reli ndio kazi ya kwanza, msidanganyike mtaisikia kwa mbali, ukiwa na mashine ya kukata nyasi husikii kitu.

Sasa chagueni siku ya mvua kubwa, nendeni na chaki na simu. Siyo utani. Simameni ndani, popote tone linapoanguka wekeni alama ya chaki sakafuni na piga picha, tokeni nje mtazame maji yanaruka wapi kutoka paani na yanatuama wapi chini ya ukuta. Nusu saa hiyo inawapa ramani ya kazi ya mwaka mzima. Anzeni juu: paa, mifereji, mabomba ya kushusha maji, halafu chimbeni kuondoa udongo uliorundikana kwenye msingi. Baada ya hapo acheni ukuta ukauke wenyewe, ni suala la miezi, na ndio wakati mgumu kuliko wote kwa sababu watu wanaona hamfanyi kitu.

Hapa kwenye ukuta ndipo wengi wanaharibu. Jengo la zamani mara nyingi limejengwa kwa chokaa, sio simenti, na chokaa inapumua, unyevu ukiingia unatokea kwenye maungio. Ukiziba maungio kwa simenti ngumu unyevu unakosa njia unatokea kwenye tofali lenyewe, na tofali linaanza kubanduka uso vipande vipande, nimeona ukuta ambao simenti imebaki imesimama kama vyumba vya nyuki na matofali yameliwa ndani. Kwa hiyo kwangua maungio taratibu kwa mkono, usitumie grainda, ingia ndani kama mara mbili ya upana wa ungio, lowanisha kidogo, jaza mchanganyiko wa chokaa 1 kwa mchanga 3, funika na magunia mabichi siku kadhaa isikauke haraka ikapasuka. Miwani ni lazima, chokaa ikiingia jichoni inaunguza kweli.

Vitu vya kuogopa: mabati ya asbesto (madini ya nyuzinyuzi, vumbi lake ni hatari) msivunje wala kutoboa, iteni wenye ujuzi na kibali. Rangi ya zamani huenda ina madini ya risasi, msipige msasa mkavu, lowanisheni na vumbi lisipelekwe nyumbani kwa watoto. Mataruma ya mbao, yale yanayolala chini ya reli, yamelowekwa dawa, msiyachome na msiyafanye tuta la mboga. Mkikuta popo au bundi darini ulizeni sheria kwanza, sehemu nyingi kuwafukuza ni kosa.

Rangi sasa. Tafuta kona iliyojificha, nyuma ya mlango au chini ya dirisha la tiketi, kwangua polepole kwa wembe kiduara kidogo, kila tabaka litatokea moja baada ya jingine kama kitunguu, la chini kabisa mara nyingi ndilo la zamani kuliko yote. Sisi tulikuwa tumeshabishania kijani wiki tatu, tukakuta tabaka la kwanza ni kahawia.

Kuhusu watu, reli ya Talyllyn kule Wales ilianza kuendeshwa na watu wa kujitolea mwaka 1951, njia yenyewe imechakaa vibaya, wakawa wanatengeneza huku treni zinatembea. Na nyinyi fungueni kitu kimoja mapema, hata chumba cha kusubiria chenye benchi mbili, maana mtu anarudi jumamosi ijayo akiona kuna aliyekalia benchi aliyoisugua yeye.

Mkishamaliza, mtu anayekaa jirani apewe ufunguo na ngazi, mifereji izibuliwe angalau mara mbili kwa mwaka, na jina lake liandikwe ukutani kabisa, msiandike "kamati", kamati haipandi ngazi.