Jinsi ya Kupata Kifaa cha Kusikia Kinachokufaa Nchini Kenya

Kifaa cha kwanza cha baba tulikiagiza mtandaoni. Kilimletea kelele za feni, sufuria na bodaboda kwa pamoja, ila maneno ya wajukuu hakuyapata. Baada ya wiki mbili kikaishia kwenye droo, kimefungwa kwenye leso. Kumbe kilikuwa kikuza sauti tu, hakikupimiwa sikio la mtu. Njia tuliyopaswa kuifuata ni hii.

Anza kliniki ya masikio, pua na koo katika hospitali ya umma. Mombasa ni Coast General, Nairobi ni Kenyatta. Beba kitambulisho na majina ya dawa ulizowahi kutumia, maana gentamaisini na streptomaisini, kwa mfano, huweza kuharibu usikivu. Daktari atamulika sikio kwanza: kukiwa na nta itatolewa, kukiwa na usaha utatibiwa. Usikubali kuuziwa kifaa na mtu ambaye hajalichungulia sikio lako. Wapo waliokuwa na nta tu.

Kisha utapelekwa kwa mtaalamu wa usikivu. Utaketi kwenye chumba kilichozuiwa kelele, utavishwa hedifoni, na utabonyeza kitufe kila ukisikia mlio, hata ule wa mbali kabisa. Majibu huchorwa kwenye audiogramu: duara jekundu ni sikio la kulia, X ya buluu ni la kushoto, na alama zikishuka chini ndivyo usikivu ulivyopungua. Omba nakala yako. Utaihitaji kwenye fomu ya kuomba kifaa, na pia ukitaka maoni ya mtaalamu mwingine.

Hapo nawe umpime yeye. Muulize odiolojia, yaani taaluma ya usikivu, ameisomea wapi. Si utovu wa adabu. Anauza vifaa vya kampuni moja au kadhaa? Bei ni pamoja na nini? Utarudi mara ngapi kurekebishiwa bila kulipa, na kisipokufaa utakirudisha ndani ya siku ngapi? Majibu ya bei na kurudisha yaandikwe. Mimi humtilia shaka anayekimbilia kuonyesha kile kidogo kisichoonekana kabla hajauliza unafanya kazi gani na unakaa na nani. Aliyepungukiwa sana mara nyingi hufaa kile cha nyuma ya sikio, chenye nguvu zaidi, na betri yake kubwa hushikika kwa vidole vya mzee.

Kabla ya kulipa, ulizia bima yako inagharamia nini na kibali chake ukipate wapi. Kama upungufu ni wa kudumu, omba hospitali ikufanyie tathmini ya ulemavu, kisha ujisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD, kupitia eCitizen. Mtandao ukikushinda, nenda ofisi yao ya kaunti. Ukishasajiliwa unaweza kuomba kifaa saidizi, ambatisha audiogramu. Foleni yaweza kuwa ndefu, kwa hiyo weka nakala ya kila karatasi na uandike tarehe uliyoipeleka. Mtoto wa shule apelekwe pia kituo cha tathmini ya elimu, EARC.

Siku ya kuvalishwa, nenda na mtu unayezungumza naye kila siku. Kifaa huunganishwa na kompyuta na kurekebishwa kufuata audiogramu yako. Mtaalamu makini huingiza kijimrija chembamba sikioni apime sauti inayofika karibu na ngoma ya sikio. Usitoke kabla hujabadili betri kwa mkono wako mwenyewe. Zile zenye kibandiko hufanya kazi kwa hewa: kibandue, ngoja dakika moja au zaidi, ndipo uitie. Sisi wa Pwani tuna adui mwingine, jasho na unyevu. Usiku futa kifaa, fungua mlango wa betri, kilaze kwenye kikopo chenye vidonge vya kukaushia.

Wiki za mwanzo hata karatasi ikikunjwa utashtuka. Vaa saa chache, ongeza kidogo kidogo, na uwe na daftari la malalamiko. Baba aliandika matatu: feni, vijiko, hotuba ya Ijumaa. Tuliporudi, mtaalamu alipunguza sauti za vyombo na feni. Kwa hotuba alimshauri asogee safu za mbele.