Siku ya kupanda meli ya Alaska: maandalizi ya msafiri wa Mombasa

Ukishamkabidhi hamali wa gatini sanduku lako, usitarajie kuliona tena upesi. Masanduku ya abiria wote hupitishwa kwenye eksrei, hupangwa kwa sitaha, kisha hugawiwa mlango kwa mlango. Lako laweza kufika saa nane mchana, laweza kufika saa mbili usiku. Meli nayo hung'oa nanga mnamo saa kumi jioni, watu wamejaa sitahani kuuaga mji, na upepo unapuliza. Hapo ndipo msafiri wa pwani hugundua kwamba jaketi lake zito, alilolihangaikia mwezi mzima, limo ndani ya sanduku.

Kwa hivyo shika hili kabla ya mengine yote: chochote utakachohitaji tangu asubuhi hadi usiku wa siku ya kupanda, kiwe mwilini au begani.

Maelezo haya ni ya anayepandia Seattle, jimbo la Washington, ambako meli nyingi za kitalii za Alaska huanzia na kurudia. Msimu wake huanza mwishoni mwa Aprili na kwisha Oktoba.

Makaratasi

Visa zinazohitajika ni mbili. Ya Marekani, B1/B2 (ya wageni wa muda), mahojiano yake hufanyika ubalozini Gigiri, Nairobi. Ya pili ni ya Kanada, na hii ndiyo wanayoisahau wengi, kwa kuwa tiketi inasema Seattle hadi Seattle. Sababu ni sheria ya Marekani ya mwaka 1886: meli iliyosajiliwa nchi nyingine hairuhusiwi kuchukua abiria Seattle na kuwarudisha Seattle bila kutia nanga katika bandari ya kigeni. Meli nyingi za kitalii zimesajiliwa nje, basi hupitia Victoria, Kanada, mara nyingi jioni ya mwisho wa safari. Kampuni za meli huidai visa hiyo hata kwa asiyekusudia kushuka. Usipokuwa nayo utazuiwa kaunta ya Seattle, si Victoria, na nauli haitarudi.

Jina la tiketi ya meli lifuate pasipoti herufi kwa herufi. Hapa kwetu Mohamed na Mohammed ni mtu mmoja, Bi. Mwanaisha na Bi. Mwana Aisha ni jirani yuleyule. Kwenye kompyuta ya gatini hao ni watu wawili. Kosa la herufi lirekebishwe wiki kadhaa kabla, kwa simu au barua pepe, maana asubuhi ya safari kila karani ana foleni mbele yake. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe barua ya idhini ya mzazi wa pili iliyotiwa muhuri wa wakili.

Halafu kuna usajili wa intaneti, ambao kampuni hufungua wiki kadhaa kabla ya safari. Unajaza pasipoti, unapakia picha ya uso, unasajili kadi ya benki na kuchagua saa ya kufika gatini. Ingia siku ileile unapofunguliwa, kwa sababu saa za mapema huisha haraka.

Kuhusu kadi: melini hakuna noti wala M-Pesa, kila kitu huandikwa kwenye kadi ya chumba na kwa kawaida hulipwa kwa kadi ya benki uliyosajili. Ukisajili kadi ya debiti, kampuni huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye akaunti yako kama dhamana, na benki yaweza kuchukua siku kadhaa kukiachilia baada ya safari. Kwa kadi ya mkopo kinachozuiwa ni sehemu ya kikomo cha mkopo, si pesa za akaunti yako. Iambie benki yako kabla ya kuondoka kwamba kadi itatumika Marekani, isije ikafungwa.

Jaketi la Kongowea

Mchana wa Julai, Juneau, mji mkuu wa Alaska, huweza kufika nyuzi 17 au 18, na mtu akisoma hivyo hudhani sweta la kusi linatosha. Mbele ya barafu hali ni nyingine. Hewa iliyopozwa na mto wa barafu huteremka kwa kasi hadi majini, na meli yenyewe ikienda kwa kasi ya noti 20 (maili za bahari 20 kwa saa) hukuundia upepo wa kilomita 37 kwa saa hata kama bahari imetulia. Nyuzi 5 kwenye upepo wa namna hiyo ngozi huzihisi kama sifuri.

Nguo ziwe za tabaka tatu. Ya ndani inayogusa ngozi iwe ya sufu laini au poliesta. Pamba usiiguse: ikilowa jasho au mvua hubaki imelowa, na maji yakikaa mwilini huvuta joto. Ya kati iwe flisi (kitambaa laini chenye manyoya) au sweta la sufu. Ya juu iwe jaketi lisilopitisha maji wala upepo, lenye kofia. Ongeza boshori, glavu, soksi za sufu jozi tatu, na suruali ya mvua. Mji wa Ketchikan hupata mvua inayozidi milimita 3,500 kwa mwaka, na Mombasa hupata kama 1,000. Mwavuli uache nyumbani. Upepo utaugeuza kama karai.

Hakuna haja ya kununua vipya. Mitumba ya soko la Kongowea, Mombasa, huleta majaketi ya baridi kali ambayo wenyeji hawayatazami, na bei yake ni ya kupatana. Kazi ni kuyakagua. Ligeuze jaketi nje ndani, utazame mishono: lile lililotengenezwa kuzuia maji lina utepe mwembamba uliogandishwa juu ya kila mshono. Utepe ukiwa unabanduka, au upande wa ndani ukipukutika unga mweupe kama ukoko wa chokaa, kizuizi kimekufa, na hakuna dobi atakayekifufua. Mwombe muuzaji ruhusa, umimine kifuniko kimoja cha maji begani. Yakisimama matone na kuteleza, vizuri. Yakitandaza doa jeusi, angalia ndani kwanza: kama ndani ni kukavu, ni dawa ya juu tu iliyoisha, na dawa ya kupulizia huirudisha. Panda na kushuka na zipu mara tano. Mwisho, lijaribu ukiwa umevaa sweta ndani, hata kama jua la Kongowea linakuyeyusha, kwa sababu jaketi linalokutosha ukiwa na fulana halitakutosha Alaska.

Viatu vya mtumba vina hatari yake. Soli za povu zilizokaa stoo miaka mingi huoza kwa unyevunyevu wa hewa ilhali kwa macho ni vipya. Bonyeza soli kwa kidole gumba, uikunje. Ikitoa nyufa ndogondogo, mrudishie mwenyewe. Itabanduka yote siku ya pili ya kutembea.

Kwa mwanamke anayevaa buibui, pindo lipandishwe hadi juu ya kifundo cha mguu, na ndani avae suruali ya joto. Daraja la kupandia meli lina mwinuko na mara nyingi limelowa, na pindo refu kwenye upepo ndilo linaloangusha watu.

Cha kubeba begani

Begi la mgongoni la lita 25 hadi 30 latosha. Pasipoti, visa, karatasi ya kupandia, kadi ya benki. Dawa zote ndani ya pakiti zake zenye jina, za siku zote za safari na siku tatu za ziada. Chaja ya simu na adapta: plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii tundu la Marekani. Miwani. Jaketi, boshori na glavu, jaketi likiwa limeviringishwa na kufungwa kwa kamba nje ya begi. Nguo moja ya kubadili, na mswaki.

Vingine havipandi meli kabisa. Pasi, birika la umeme, koili ya kuchemshia maji na waya wa kurefusha umeme huchukuliwa kwenye eksrei, na sanduku huwekwa kando hadi mwenyewe aitwe. Chetezo na makaa ni moto, na moto ndicho kitu kinachoogopwa kuliko vyote melini. Udi na ubani vibaki nyumbani. Manukato ya chupa hayana shida.

Kufika Seattle

Mombasa hadi Nairobi ni saa moja kwa ndege, au saa tano na zaidi kwa treni ya SGR kutoka Miritini hadi Syokimau. Kutoka Nairobi, kwa mfano kupitia Dubai au Doha, hadi Seattle, jumla ya safari huzidi saa 24. Usipange kutua siku ileile ya meli. Siku moja kabla ndicho kipimo cha chini, mbili ni bora, kwa sababu mwili una tofauti ya saa 10 ya kuzoea na sanduku lililopotea njiani lahitaji siku ya kukufuata. Meli haimsubiri mtu aliyecheleweshwa na ndege.

Soma vizuri namba ya gati. Seattle ina gati mbili za meli za kitalii: namba 66, iliyo mjini kabisa, na namba 91, iliyo Smith Cove, mwendo wa gari kaskazini-magharibi. Dereva ukimwambia "kwenye meli" tu, atakupeleka anakojua yeye.

Na saa zenyewe. Karatasi ikiandika 11:30, hiyo ni saa tano na nusu asubuhi. 4:00 PM ni saa kumi jioni. Inaonekana ni jambo dogo, lakini mzee aliyezoea saa ya Kiswahili huweza kuisoma 4:00 na kuandika saa nne kwenye daftari. Kaunta hufungwa saa moja au zaidi kabla ya meli kuondoka, na ikishafungwa haifunguliwi hata kama daraja bado lipo.

Gatini

Usiku wa kuamkia, chapisha lebo za masanduku, uzikunje, uzizungushe kwenye mpini, upige stepla tatu kisha gundi ya utepe juu yake. Lebo yenye stepla moja hung'oka. Weka karatasi nyingine yenye jina na namba ya chumba ndani ya sanduku, juu ya nguo.

Fika saa uliyopangiwa. Ukitangulia kwa saa mbili utasimama nje, na asubuhi ya Seattle huweza kuwa na baridi na mawingu hata Julai. Mkabidhi hamali sanduku, mpe dola mbili hivi kwa kila moja kama ni desturi ya pale, uhakikishe lebo yako haijachanika mbele ya macho yako. Kisha unaingia ukaguzi kama wa uwanja wa ndege, halafu kaunta, ambako karani hutazama pasipoti na visa zote mbili. Fungua kurasa hizo mapema. Utapigwa picha ya uso; anayevaa nikabu aombe afisa wa kike na faragha. Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu aombewe kiti cha magurudumu wiki kadhaa kabla, kwa sababu vya gatini huisha.

Ndani ya meli

Vyumba kwa kawaida huwa tayari mnamo saa saba mchana. Kabla ya hapo kila mtu hukimbilia ukumbi wa bufee wa sitaha ya juu. Mara nyingi kuna mkahawa mwingine sitaha za chini usio na foleni, uliza. Chakula cha halali huombwa wakati wa kulipia safari, kwa maandishi, na siku ya kupanda unakwenda kwa msimamizi wa ukumbi kuhakikisha ombi limefika jikoni. Usingoje chakula cha usiku.

Kisha zoezi la dharura. Baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama pwani ya Italia Januari 2012 na kuua watu 32, kanuni za kimataifa zilibadilishwa: zoezi lifanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Kwenye meli nyingi siku hizi unatazama video kwenye simu au televisheni, halafu unakwenda mwenyewe hadi kituo chenye herufi iliyo kwenye kadi yako ya chumba, kadi isomwe. Mlio ni honi saba fupi na moja ndefu. Nenda kwa miguu, kwa ngazi, ukihesabu sitaha kutoka chumbani kwako, maana siku ya dharura lifti hazitumiki. Ukisikia mlio huo usiku, vaa jaketi na boshori kabla ya kutoka.

Kabla ya kuondoka, weka simu kwenye hali ya ndege. Mbali na pwani simu hushika mtandao wa setilaiti wa meli, na bili yake huumiza.

Kibla kinawachanganya wengi. Dira ya simu haiaminiki ndani ya chuma, na meli hugeuka. Washa televisheni ya chumbani, kuna chaneli inayoonyesha ramani na uelekeo wa meli kwa digrii. Kutoka Seattle kibla ni kama digrii 18 mashariki ya kaskazini, na kutoka Juneau ni kama digrii 5 au 6, yaani karibu kaskazini kamili, kwa kuwa njia fupi ya kwenda Makka hupita karibu na ncha ya dunia. Meli ikielekea digrii 330 ukiwa Juneau, geuka kulia kwa digrii 35 kutoka omo (pua ya meli). Jua la Seattle Julai huzama kama saa tatu usiku na la Juneau karibu saa nne, basi ratiba ya maghribi na isha iandae mapema.

Meli kubwa za Seattle kwa kawaida hupita upande wa nje wa kisiwa cha Vancouver, bahari wazi, na mawimbi hayo huanza usiku wa kwanza. Dawa ya kichefuchefu cha bahari humezwa kabla ya kuyumba kuanza. Ukishatapika haina pa kukaa. Kula chakula kikavu kidogo, kaa katikati ya meli sitaha ya chini, utazame upeo wa macho. Tangawizi mbichi ya kutafuna husaidia wengine.

Alaska iko saa moja nyuma ya Seattle. Simu iliyo kwenye hali ya ndege huenda isijibadilishe yenyewe, basi kabla ya kulala linganisha na saa ya meli kwenye karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani.