Futi ya fundi na presha: pima kiuno chako hivi

Cherehani yangu iko Mwanga, hapa Kigoma, na futi haitoki shingoni mpaka jioni. Presha ninayo, dawa nameza kila siku. Ndiyo maana mteja akiniambia, "Fundi, mimi presha siipati, kilo zangu ziko sawa," nampima kwanza, bei ya gauni baadaye. Mizani hujumlisha vyote: mifupa, misuli, maji, mafuta. Kijana anayebeba magunia bandarini anaweza kuwa na kilo 85, nyingi zikiwa misuli. Mwingine ana kilo 65, mikono myembamba, tumbo limetangulia. Huyu wa pili ndiye ninayemhofia.

Mafuta ya makalio na mapaja hukaa chini ya ngozi, hayana madhara makubwa. Ya ndani ya tumbo huzunguka utumbo, ini na figo. Huzibana figo na kuamsha homoni zinazozifanya zishikilie chumvi na maji, huku mishipa ikijikaza. Hapo presha inapanda.

Basi chukua futi. Ya kitambaa ikizeeka huvutika, ilinganishe na rula kwanza. Vua viatu, simama ukutani upimwe urefu kwa sentimita. Kisha kiuno, na hapa ndipo wengi wanapokosea, maana wanapima pale wanapofungia mkanda au kanga. Mwanamume mwenye kitambi hufunga suruali chini ya tumbo, na namba inatoka ndogo. Weka kidole chini ya ubavu wa mwisho, kingine juu ya mfupa wa nyonga, upande huohuo. Futi ipite katikati yake, juu ya ngozi, bila kuibana na bila kuachia nyuma ishuke. Toa pumzi kama kawaida, ndipo usome. Wateja wangu wengi huvuta tumbo ndani wakiona futi inazunguka. Nawasubiri tu mpaka wapumue.

Kiuno kisifike nusu ya urefu. Mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno kiwe chini ya 80. Kwa mjamzito kipimo hiki hakifai. Presha yake ifuatiliwe kliniki.

Futi ikiwa bado mkononi, pima na mzunguko wa mkono, katikati ya bega na kiwiko. Hili nalisisitiza sana. Ukizidi sentimita 32, mwombe muuguzi akufunge mkanda mkubwa wa mashine ya presha. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ilivyo, na mtu anaweza kuanzishiwa dawa asizozihitaji.

Siku ya kupima presha usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Kojoa kwanza. Kaa dakika 5 umeegemea, usikunje nne, mkono mezani usawa wa moyo, na usiongee. Ikisoma 140/90 au zaidi, na ikajirudia siku nyingine, hiyo ni presha. Mwenye kiuno kidogo naye apime, maana wembamba hupata presha pia, na mara nyingi haina dalili yoyote.

Kiuno kikizidi, anzia jikoni. Mawese siwezi kumkataza mtu wa Kigoma, samaki wetu mgebuka bila mawese ni mgebuka gani? Ila yapime kwa kijiko, usimimine moja kwa moja toka kwenye dumu. Chumvi tunaipata Uvinza, jirani tu, na tunaitia bila kuhesabu. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na samaki wa chumvi wamo humohumo. Tembea kwa haraka nusu saa, siku 5 za wiki. Barabara ya Ujiji inatosha. Ongeza kazi za kukaza misuli, kama kuinuka kitini bila kujishika. Usijishindishe njaa, utapoteza misuli pamoja na mafuta. Kwa wastani, kila kilo inayopungua hushusha namba ya juu ya presha kwa takriban 1, kwa hiyo usidharau kilo 4 au 5.

Dawa usiache hata kiuno kikipungua, daktari ndiye wa kuipunguza. Pima kiuno mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, andika tarehe, kiuno na presha nyuma ya daftari lako la kliniki, na umwonyeshe daktari ukienda.