Polishi ya mawe imeingia unga wa msasa? Jaribu hivi kabla hujaitupa

Nimetoka kumsaidia kijana mmoja hapa Majengo, mawe yake ya akiki yametoka na mikwaruzo kama yamekwanguliwa na msumari, kumbe mashine ya kuzungushia mawe kwenye pipa haina shida, ni polishi (unga laini wa hatua ya mwisho, wa kung'arisha) imechanganyika na msasa namba 220, yaani unga mkali wa kusagia; namba ikipanda, unga unazidi kuwa laini. Naandika manake naona wengi mnailaumu mota bure.

1. Jua kipi kimeingia wapi. Unga laini ukiingia kwenye namba 60/90 haina neno, endelea na kazi. Balaa ni mkali kuingia kwenye laini. Silikoni kabaidi, ndio huo msasa wenyewe, ina ugumu wa 9 na ushei kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10, akiki ni kama 7, kwa hivyo hata chembe chache zinaharibu pipa zima.

2. Pima. Vipande viwili vya kioo cha dirisha, polishi kidogo na tone la maji katikati, sugua polepole. Nzima inateleza kimya. Ilochafuka utasikia krrr, na ukiinua kioo juani utaona mistari.

3. Tenganisha kwa maji. Hii nazungumzia polishi ambayo haijatumika, labda mmechota na kijiko kilekile cha msasa. Ilokwisha zunguka na mawe itupe tu, ishajaa tope la mawe.

Sasa hapa kwenye maji ndipo watu wa Mombasa tunapoumia. USITUMIE maji ya kisima! Visima vyetu vingi vina chumvi, na chumvi inafanya unga laini ushikane madonge, madonge yanazama pamoja na msasa, utakesha unakoroga na hakuna kilichotengana. Tumia maji matamu, ya mvua ndio nayapenda zaidi, hata mtungi wa mkokoteni sawa ila uyaonje kwanza. Koroga polishi kwenye ndoo nyeupe (nyeupe ndio utaona kilichobaki chini), maji yawe kina cha sentimita 10 hivi, kisha acha itulie. Namba 220 inafika chini ndani ya nusu dakika, namba 500 inataka kama dakika sita, mimi nangoja kumi. Polishi ya alumini oksaidi chembe zake ni ndogo mno, saa hiyo bado zinaelea na maji yako kama tui. Mimina hilo tui taratibu ndoo nyingine, bila kutikisa, na ukiona chini kunaanza kusogea simama hapo hapo, usiwe na tamaa ya kumalizia. Kilichobaki ongeza maji, rudia tena. Ndoo ya tui iache siku mbili, mwaga maji ya juu, anika unga, upime tena na kioo.

Wako wanaochuja na leso. Mimi siafiki kabisa, uzi wa leso wenyewe unabeba msasa mpaka mara ijayo.

4. Osha pipa, mswaki uingie mpaka ukingo wa kifuniko. Jiwe lenye ufa litoe, ule ufa unaficha msasa. Vijiti vya plastiki (vile vya kuzuia mawe yasigongane ndani ya pipa) vya kila hatua viwe mbali, na kila namba ndoo yake na kijiko chake.

Na tope lolote lisiingie kwenye sinki, linaganda kwenye bomba kama simiti. Chimba shimo, mwaga huko.