Jinsi ya kutunza mbegu zako mwenyewe hapa Dar bila kupoteza utofauti wake

Wadau wa bustani wa Chanika, Bunju, Kigamboni na kwengineko, masika ikikaribia swali ni lile lile, nikitoa mbegu kwenye mazao yangu mwenyewe zitatoka vizuri kweli? Inategemea ni mbegu gani na umezitoaje.

Kwanza ujue mbegu zimepitia nini. Wakulima wamechagua mbegu kwa maelfu ya miaka, kila sehemu na chaguo lake, ndo maana mpaka leo sokoni unakuta kunde nyekundu, nyeupe, nyeusi na za madoa. Karne ya 20 watafiti wakaanza kuchuja mimea michache bora mpaka inafanana kabisa, mavuno yakapanda kweli na sipingi hilo hata kidogo, ila shamba zima linabaki na vinasaba vya aina moja. Marekani mwaka 1970 mahindi chotara (yanayotokana na kupandisha aina mbili tofauti) mengi yalikuwa yamechangia asili moja upande wa mama, ukaingia ugonjwa wa ukungu wa majani ukala karibu asilimia 15 ya mavuno ya nchi nzima kwa msimu mmoja.

Lakini hapa kwetu kuna habari nzuri ambayo watu wengi hawaijui. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara, miaka ya 1930 mihogo ilikuwa inasumbuliwa na batobato na michirizi kahawia (magonjwa mawili ya virusi), watafiti wakachukua muhogo wakaupandisha na ndugu yake wa porini anayetoa utomvu wa mpira, watoto wakatoka wanastahimili ugonjwa ila mizizi hailiki, wakawarudisha kwa muhogo tena na tena mpaka mizizi ikakaa sawa. Damu ya mihogo ile ipo mpaka leo kwenye mihogo mingi inayovumilia batobato Afrika. Yani uzalishaji wa aina mpya za mbegu unaweza kupunguza utofauti na unaweza kuuongeza, ila hauwezi kuongeza kitu ambacho kila mtu ameshakitupa, na hapo ndo bustani yako inapoingia.

Anza na pakiti. Ikiandikwa F1 hiyo ni chotara, kula mazao ila usitunze mbegu, watoto watatoka mchanganyiko, huyu mrefu huyu mfupi, na mavuno yanashuka. Tafuta aina ya kawaida au mbegu ya kienyeji kutoka kwa mtu anayeilima mwenyewe.

Alafu angalia mmea unachavushwaje. Kunde, maharage na nyanya kwa kiasi kikubwa zinajichavusha zenyewe, hizi ndo za kuanzia. Maboga yanategemea nyuki, kwahiyo la jirani litaingiliana na lako. Mahindi ni upepo, na ukitunza mbegu za mahindi kutoka mashina machache kila msimu yanadhoofika, bora mkubaliane majirani kadhaa mpande mbegu moja, mchanganye mbegu kutoka mashina mia na zaidi. Mwenye kiplot kidogo aachane na mahindi, ashike kunde.

Sasa sehemu ambayo wengi wanaharibu. Mchicha mzuri unachumwa unaliwa, ule uliowahi kutoa maua ndo unaachwa uwe mbegu, baada ya misimu michache una mchicha unaokimbilia maua kabla haujajaza sufuria moja. Fanya kinyume, funga kamba mapema kwenye mashina kama ishirini yenye majani mengi na yanayochelewa maua, usiyachume sana, ukaushe mashuke yake uchanganye mbegu zote pamoja. Usichukue kwa shina moja tu hata kama ni nene kuliko yote, maana hapo umeanza kupunguza utofauti kwa mkono wako.

Nyanya kamua mbegu na maji yake kwenye glasi, acha siku mbili tatu mpaka juu pafanye povu na ule utelezi uachie, osha, anika kwenye sahani kivulini (kwenye karatasi zinaganda). Kunde subiri ganda likauke likitikiswa linalia.

Muhogo unapanda pingili, kwahiyo unachopanda ni mama yule yule na ugonjwa wake. Majani yenye batobato utayaona, michirizi kahawia inajificha, shina linaweza kuonekana zima kabisa, kwahiyo siku ya kuvuna kata mizizi vipande, ukikuta madoa ya kahawia makavu ndani usichukue pingili za shina hilo. Na panda aina mbili tatu, sio moja.

Kuhifadhi ndo mtihani wa Dar kwasababu ya unyevu. Kausha mpaka kunde ukiing'ata inavunjika, haibonyei, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana na kitambaa cha majivu makavu ndani, kunde changanya kabisa na majivu kuzuia fukusi. Andika aina na mwezi. Kabla ya kupanda viringisha mbegu kumi kwenye kitambaa kibichi, zikiota nane au zaidi panda kawaida, zikiota tano mpaka saba panda mbegu mara mbili ya kawaida, chini ya hapo omba kwa jirani mliyegawana nae mbegu, na usipande zote, bakiza konzi moja chupani mvua ikikata mapema.