Ndugu yako akisema "hii ya tatu sichanjwi": namna ya kuzungumza naye wimbi likiwa juu

Mimi ni muuguzi, na mawimbi ya UVIKO-19 niliyapitia nikiwa na sindano mkononi. Dozi za kwanza zilipofika, watu walipanga foleni kabla hakujapambazuka. Zilipokuja dozi za nyongeza, yaani ile ya tatu, kuna siku nilikaa mbele ya viti vitupu, chupa zimejaa kwenye sanduku la baridi, na upande wa pili wa ukuta wodi ya wagonjwa wa kupumua haina kitanda kitupu hata kimoja. Waliokuwa wakipita mlangoni bila kusimama ni wale wale niliowachanja miezi michache nyuma.

Kwa hiyo anza kwa kukumbuka hili: mtu aliyekwisha kuchanjwa mara mbili hapingi chanjo. Aliiamini, akakunja mkono wa shati, akakaa kitini. Kuna jambo limempata kati ya ile ya pili na hii ya tatu, na mara nyingi jambo hilo silo analolitaja akiulizwa. Ukikimbilia kujibu lile analolitaja, utaongea mpaka ukauke koo.

Niliyajua haya kwa kukosea, na niliyemkosea ni baba yangu mkubwa. Ilikuwa Januari 2022. Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19 iliyopewa jina hilo na Shirika la Afya Duniani tarehe 26 Novemba 2021, ilikuwa imeshafika kila mahali. Yeye alikuwa na miaka 68 na kisukari. Katika kundi la WhatsApp la ukoo aliandika kwamba chanjo hizi zimetengenezwa haraka mno na yeye mbili zinamtosha. Nikamjibu palepale, mbele ya watoto na wakwe zake, kwa takwimu na michoro. Kila tarakimu niliyoandika ilikuwa sahihi. Akajitoa kwenye kundi, na kwa siku tisa hakupokea simu yangu. Wimbi likiwa linapanda, siku tisa ni muda mrefu sana.

Basi usimjibu mbele ya watu. Hata kama ujumbe aliousambaza ni wa uongo mtupu na unakuchoma roho, mwandikie pembeni au mpigie simu. Mtu mzima aliyesahihishwa mbele ya wadogo zake hana tena nafasi ya kubadili mawazo bila kuonekana ameshindwa, na wewe ndiye uliyemnyima nafasi hiyo. Kwenye kundi andika sentensi moja tulivu kwa ajili ya wengine wanaosoma kimya, kisha nyamaza. Ukiweza kumfuata, mfuate, mkae nje au karibu na dirisha lililo wazi.

Swali la kufungulia mazungumzo nalo lina uzito. "Kwa nini hutaki?" humfanya ajitetee. Mimi siku hizi nauliza: "Ile ya pili ulipochomwa, ilikuwaje?" Kisha nanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kugumu.

Nilipomwuliza baba mkubwa hivyo siku ya kumi, hakusema neno lolote kuhusu haraka ya watafiti. Alinisimulia usiku. Alichanjwa mchana, jioni akaanza kutetemeka, homa ikapanda, viungo vikamwuma hadi hawezi kugeuka kitandani, na alikuwa peke yake nyumbani. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba hali hiyo inaweza kutokea. "Mwanangu," alisema, "nililala nikijua sitaamka." Asubuhi aliamka, homa ikaisha siku ya pili, na hakumwambia mtu kwa sababu aliona aibu. Miezi sita nzima sote tulidhani tatizo lake ni sayansi.

Sikumpa takwimu hata moja siku ile. Nilimwomba radhi kwanza kwa niaba ya sisi tunaochoma sindano, kwa sababu kumwambia ilikuwa kazi yetu. Kisha nikamwambia kwamba akikubali, nitalala kwake usiku huo.

Si kila mtu atakuwa na usiku kama huo, lakini atakuwa na chake. Haya ni baadhi ya niliyoyasikia mara nyingi, na namna ninavyoyajibu.

"Mlisema mbili zinatosha." Kubali, kwa sababu tulisema. Majaribio ya mwisho wa 2020 yalionyesha kwamba dozi mbili za chanjo ya Pfizer-BioNTech zinapunguza ugonjwa wenye dalili kwa asilimia 95, nasi tukaongea kana kwamba hali hiyo ni ya kudumu. Tungesema "kwa tunavyojua leo", tungewakosea watu kidogo zaidi. Yaliyofuata yanaelezeka. Kingamwili zinazozunguka kwenye damu hupungua baada ya miezi, na kirusi chenyewe kilibadilika: Omicron ilikuja na mabadiliko zaidi ya 30 kwenye ile miiba yake inayotumia kushikilia seli za mwili. Ndiyo maana waliochanjwa walianza kuambukizwa. Lakini mwili una pia seli za kumbukumbu, na hizo hazipotei upesi, kwa hiyo kinga dhidi ya kuumwa sana hudumu kuliko kinga dhidi ya maambukizi. Dozi ya nyongeza huziamsha. Mkumbushe chanjo ya pepopunda: hurudiwa mara kadhaa tangu utotoni, na hakuna anayesema ile ya kwanza ilikuwa ya uongo.

"Waliojaa hospitali ni waliochanjwa." Hili lisikutie hasira, maana huenda ni kweli kabisa, na ukilikanusha umepoteza. Chukua karatasi na kalamu, mkokotoe pamoja, na yeye ndiye ashike kalamu. Mwambie mchukulie mfano wa mji wa watu 1,000, ambao 900 wamechanjwa na 100 hawajachanjwa. Tuseme katika wale 100, wanaolazwa ni 10. Katika wale 900 wanalazwa 18. Wodini sasa kuna wagonjwa 28, na 18 kati yao wamechanjwa, yaani wengi wao. Anayechungulia mlangoni atasema chanjo haifanyi kazi. Sasa mwulize: ungependa kuwa katika kundi lipi, lile linalolaza watu 10 katika kila 100, au lile linalolaza 2 katika kila 100? Nimeifanya hesabu hii na mafundi, na wazee, na mwalimu mmoja wa hesabu aliyenyamaza kwa muda akiitazama karatasi. Waachie karatasi. Waliowahi kurudi kwangu walirudi nayo mfukoni.

"Ilitengenezwa haraka." Jibu fupi linatosha. Baadhi ya chanjo hizi zinatumia mRNA, yaani maelekezo yanayoifundisha seli kutengeneza kipande cha kirusi ili mwili ujifunze kukitambua. Njia ya kuifanya mRNA isiushtue mwili kupita kiasi ilichapishwa na watafiti Katalin Karikó na Drew Weissman mwaka 2005, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Virusi vya korona vilikuwa vikichunguzwa tangu SARS, ugonjwa wa mapafu wa mwaka 2003 uliosababishwa na kirusi cha jamii hiyohiyo. Kilichoharakishwa mwaka 2020 ni fedha na foleni za makaratasi: hatua ambazo kwa kawaida hufuatana moja baada ya nyingine zilikwenda sambamba. Kama anauliza iwapo chanjo inabadili vinasaba, mweleze kwamba mRNA haiingii kwenye kiini cha seli, ambako vinasaba hukaa, na baada ya siku chache mwili huivunjavunja.

"Siwaamini." Hapa punguza mwendo. Wapo wanaosema hivi kwa sababu ya ujumbe walioupokea jana, na wapo wanaosema kwa sababu ya historia. Huko Tuskegee, Marekani, kati ya 1932 na 1972, wanaume weusi wapatao 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba wakichunguzwa tu, hata baada ya penisilini kupatikana. Watu wanaoikumbuka habari hiyo hawajachanganyikiwa. Ukijifanya haikutokea, utakuwa umewathibitishia hofu yao. Mimi nasema ndiyo, yalitokea, na ni maovu. Kisha naeleza tofauti ninayoiona: pale wagonjwa walinyimwa dawa waliyostahili, na hapa dawa niliyonayo mimi na wanangu tumechomwa. Wengine hiyo haiwatoshi. Sijawahi kumlaumu asiyetosheka nayo.

Kuhusu madhara, yataje wewe kabla hajakuuliza. Kwa miezi ya mwanzo niliogopa kwamba nikiyataja watakimbia, na nilikuwa nimekosea. Waliokimbia ni wale ambao hawakuambiwa, kama baba mkubwa. Mwambie mkono utauma, anaweza kupata homa, uchovu, kichwa kuuma, na baada ya dozi ya nyongeza wengine huvimba tezi za kwapani. Hayo huisha kwa siku moja hadi tatu. Mwambie pia yaliyo adimu. Chanjo za mRNA zimesababisha kuvimba kwa misuli ya moyo kwa watu wachache, hasa vijana wa kiume, mara nyingi siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi wao walipona. Chanjo za AstraZeneca na Johnson & Johnson zilihusishwa na damu kuganda huku chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia kuziba jeraha) zikipungua; Aprili 2021 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka tatizo hilo liandikwe miongoni mwa madhara adimu sana. Kisha mpe ishara za kutazama, kwa maneno asiyoweza kuyasahau: kifua kuuma, pumzi kukata au moyo kwenda mbio katika wiki ya kwanza, kichwa kinachouma sana kisichotulia au mguu mmoja kuvimba katika wiki zinazofuata. Akiona lolote kati ya hayo aende hospitali siku hiyohiyo na aseme alichanjwa lini.

Kabla hujatumia nguvu zako zote, jiulize unazungumza na nani. Dozi ya nyongeza haina uzito uleule kwa kila mtu. Mzee, mwenye kisukari au ugonjwa wa moyo, mjamzito, mwenye kinga dhaifu, na mhudumu wa afya, hao wafuate kwa subira yote uliyonayo. Kijana wa miaka 25 mwenye afya njema aliyekwisha kuchanjwa, mweleze mara moja kwa heshima na umwachie uamuzi. Shirika la Afya Duniani lenyewe, mwaka 2023, liliwaweka vijana wenye afya njema nyuma kwenye orodha ya kipaumbele. Niliwaona watu wakigombana na binamu zao vijana mpaka usiku wa manane, na bibi wa nyumba hiyohiyo hakuna aliyemwuliza amechanjwa lini.

Akisema ndiyo, usimwache na ndiyo yake mkononi. Nia ya watu wengi hufia kati ya kukubali na kufika kituoni. Mwulize siku gani, na aende na nani. Atafute kadi yake ya chanjo mkiwa bado pamoja, mtazame tarehe ya dozi ya mwisho kama muda uliowekwa umetimia. Kama amewahi kuvimba au kubanwa na pumzi baada ya sindano au dawa yoyote, amwambie muuguzi kabla ya kuchomwa. Baada ya sindano akae palepale dakika 15. Mwenye historia ya mzio mkali akae 30. Msipange kazi nzito kesho yake. Na wahini: kinga haipandi siku ile ya sindano, huchukua wiki moja hadi mbili, kwa hiyo mtu anayesubiri wimbi lifike kileleni ndipo achanjwe atakuwa amechelewa kwa wiki hizohizo mbili.

Baba mkubwa alichanjwa siku ya kumi na tatu tangu ajitoe kwenye kundi. Nililala kwake kama nilivyoahidi, kwenye kiti, kipimajoto kikiwa mezani. Homa ilifika 38.2 saa tano usiku. Akaniuliza kama ndiyo hiyo, nikamwambia ndiyo hiyo, akageukia ukutani akalala.

Mdogo wake alikataa. Nilikwenda kwake mara mbili, nikauliza, nikasikiliza, tukafanya hesabu ya karatasi, na bado alikataa. Mara ya tatu sikuzungumzia chanjo. Nilimpelekea barakoa na kile kipimo kidogo cha oksijeni kinachobanwa kwenye kidole, nikamwonyesha namna ya kukisoma, akajaribu mwenyewe mara tatu. Tukakubaliana kwamba akianza kukohoa apimwe siku hiyohiyo, kwa sababu dawa za kuzuia kirusi zinafaa zaidi zikianzwa ndani ya siku tano za mwanzo. Na kipimo kikisoma 94 au chini yake, hata iwe saa nane usiku, ananipigia. Aliiandika namba yangu kwa kalamu nene, akaibandika ukutani juu ya kitanda.